Sura ya Saba: Flashi Iliyokuwa Saa Moja Nyuma

Ujenzi wa flashi ulipokufa kwa mara ya tatu, Sajenti Clotilda alifunga daftari lake, akalifungua, akalifunga tena kwa kishindo, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kupiga.

"Imefia wapi?"

"Asilimia sitini na nne," alisema Nizigiyimana bila kugeuka.

"Na ile iliyotangulia?"

"Arobaini. Tunapanda, afande."

Pingu ilikuwa imefungwa mkono wa kushoto wa Nizigiyimana tu. Upande wa pili ulining'inia wazi, ukagonga meza kila alipobonyeza herufi. Kwa siku sita alikuwa mahabusu mjini Ngara. Kesho asubuhi angesomewa shtaka la kuingia kwenye kompyuta ya ofisi hii, ofisi ya kijiji cha Rwamihunga, na kubadilisha daftari la mashamba. Clotilda alikuwa amepewa leo tu, mpaka saa kumi jioni, amrudishe mtu huyo na jalada lililokamilika.

Jalada lenyewe lilikuwa jepesi kuliko jambo lenyewe. Shamba la Bibi Nyirabahizi, mjane, lile la bondeni lenye maji, lilikuwa limeandikwa jina la mfanyabiashara mmoja wa Biharamulo aitwaye Faustini. Faustini alisema alinunua kwa njia ya simu kutoka kwa mtu asiyemfahamu, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Kompyuta ya kijiji ilipopekuliwa ilionekana haikufunguliwa na mtu siku hiyo. Hakuna neno la siri lililoingizwa. Hata hivyo, daftari la zamani lilikuwa limefutwa na jipya limewekwa mahali pake.

Kazi ya namna hiyo hufanywa na flashi yenye mfumo mzima ndani yake. Unaichomeka, unaiwasha mashine, nayo inaamka na mfumo ulio kwenye flashi badala ya ule wa kwake. Haikuulizi neno la siri. Ukiichomoa, mashine inalala kama mtu asiyekumbuka aliota nini. Na katika wilaya ya Ngara, kila mtu alimjua fundi mmoja tu anayezijenga flashi hizo kwa mkono, amri baada ya amri, kwenye kioo cheusi kisicho na picha hata moja. Huyo ndiye aliyekaa mbele ya Clotilda na pingu moja.

Flashi zake kumi na moja zilikuwa zimefungwa kwa lakiri Ngara kama vielelezo. Clotilda aliomba afunguliwe moja tu aijaribu. Mkuu wake wa upelelezi, Afande Alfonce, alimjibu kwamba kielelezo si mandazi. Ndipo akaamua kumleta fundi ajenge nyingine mbele ya macho yake, kwenye laptopu yake mwenyewe, kwa utaratibu wake uleule. Hakujua utaratibu huo unakula siku.

Mara ya kwanza umeme ulikatika. Mara ya pili walikuwa wamevuta waya kutoka kwenye sola ya kinyozi jirani, na kinyozi akaja kuuchomoa kwa sababu mteja alibaki na kichwa nusu. Mara hii ya tatu umeme ulikuwa umerudi, lakini programu moja haikupatikana kwenye akiba ya Nizigiyimana, na mtandao wa kuivuta haukuwepo.

"Programu gani?"

"Ya printa."

"Nimekuja kuchapisha?"

"Hukuja kuchapisha. Ila uliniambia utaratibu uleule, usibadilike hata kidogo. Umeniandikisha na sahihi."

Alikuwa ameandikisha. Clotilda alivuta pumzi.

"Itoe hiyo ya printa. Naandika kwamba nimekuruhusu. Anza."

Nizigiyimana alifungua folda mpya, kama alivyofanya kila mara, akaanza tena. Kwanza mfumo mtupu, ukafungiwa ndani ya chumba chake. Kisha programu zikaingizwa humo chumbani moja moja. Mwisho chumba kizima kingekandamizwa kiwe faili moja, na faili hilo lichomwe kwenye flashi. Maandishi meupe yakaanza kutiririka.

Kwenye benchi la ukutani, Wiston, karani wa ardhi wa kijiji na mtoto wa mjumbe, alipiga miayo mpaka taya likalia. Mtendaji, Mzee Anastazi, alikuwa amemwachia funguo na kwenda kwenye kikao cha kata, naye ilimbidi akae mpaka polisi waondoke.

"Afande, hii kitu ina mwisho?"

"Una haraka?"

"Nina mahindi yangu juani."

"Mahindi hayakimbii."

Dirishani kilitokea kitambaa cha njano, na chini yake uso wa Bibi Nyirabahizi. Alikuwa akija kila baada ya muda kidogo tangu asubuhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haijaiva?"

"Bado."

"Kuni zake ni mbichi," alisema bibi, akaenda kukaa kivulini.

Saa sita na nusu ilifika asilimia mia. Hakuna aliyeshangilia, walikuwa wamechoka. Nizigiyimana alichoma faili kwenye flashi mpya aliyoileta Clotilda kutoka dukani, bado kwenye karatasi yake. Wakaichomeka kwenye kompyuta ya kijiji. Diski ya ushahidi ilikuwa imeshatolewa na kufungwa Ngara, na ndani ya mashine kulikuwa na nyingine yenye mfumo uleule.

"Fanya alivyofanya mwizi," alisema Clotilda. "Futa faili moja."

"Lipi?"

"Lolote. Andika barua ya mapenzi, uifute."

Aliandika neno moja, akalihifadhi kwenye diski, akalifuta. Clotilda alitazama saa yake ya mkononi, akaandika: saa saba kasoro robo mchana.

Hapo ndipo palikuwa na kitu alichokuja kukitafuta. Mfumo wa aina hii ukifuta faili hauliui palepale. Hulisukuma kwenye kikapu cha taka kilichofichwa kwenye diski hiyohiyo, na pembeni huandika kikaratasi: faili gani, limefutwa lini. Mwizi alikuwa hajui kuhusu kikapu hicho, au alikisahau. Kikaratasi chake kilisema saa kumi na dakika ishirini jioni. Lakini kikapu chenyewe, kilipotazamwa kwa mfumo wa kawaida wa ofisi, kilionyesha kwamba kiliundwa saa kumi na moja na dakika ishirini. Kitendo kimoja, saa mbili tofauti. Mtaalamu aliyeipekua diski alisema tofauti ya saa moja ni jambo dogo, mashine hukosea. Afande Alfonce akachagua ile ya kumi na moja, kwa sababu saa kumi na moja siku hiyo Nizigiyimana alikuwa ofisini hapa, peke yake, ameleta printa.

"Sasa kikaratasi chetu kinasemaje?" aliuliza Clotilda.

"Saa kumi kasoro robo."

"Sasa hivi ni saa saba kasoro robo."

"Ndiyo. Inaongeza tatu." Nizigiyimana aliinua mabega. "Saa iliyo ndani ya mashine, mfumo wa ofisi unaijua kuwa ni ya hapa. Flashi inadhani ni saa ya dunia nzima, ile ya kuanzia sifuri, kwa hiyo inajumlisha saa za mahali ilipoambiwa ipo. Dar es Salaam ni tatu. Ni ugonjwa wake. Nimeuzoea."

"Umeuzoea. Kwa nini hukutuambia?"

"Mliniuliza kama najua kutengeneza flashi. Nikasema najua. Mkaandika, mkafunga jalada."

Clotilda alibana meno. Alichomoa flashi, akawasha mfumo wa ofisi, akatazama kikapu. Saa kumi kasoro robo. Kikaratasi na kikapu vilikubaliana bila kupishana hata dakika. Akarudia jaribio mara ya pili, kisha ya tatu. Vilikubaliana kila mara.

"Kwa nini vile vya mwizi havikubaliani?"

Nizigiyimana aliangalia dirisha, akaangalia vidole vyake. Alikuwa ameshafika kwenye jibu na hakulipenda.

"Sema."

"Kikapu kinasomwa na mashine ya ofisi, kwa hiyo kinaonyesha tatu zilizoongezeka. Kikaratasi kinaandikwa na flashi yenyewe, kwa saa ya kwake. Kama kiko nyuma kwa saa moja, flashi hiyo iliongeza mbili. Iliambiwa ipo ng'ambo, kunakoongezwa mbili. Burundi, au Rwanda."

Kwa bahati mbaya hiyo ndiyo dakika aliyoichagua Afande Alfonce kupiga simu kutoka Ngara. Clotilda alimweleza, kwa kuwa alikuwa hajajifunza kumficha mkubwa wake mambo.

"Saa ya Burundi," alisema Alfonce taratibu. "Mshukiwa ana asili ya Burundi. Sajenti, unataka ushahidi uje na ngoma?"

"Afande, flashi aliyoijenga leo ina saa ya Dar es Salaam."

"Leo umemkalia kichwani. Angeweka ya wapi? Mrudishe. Saa kumi."

Simu ikakatika. Wiston alikuwa ameinua kichwa kwenye benchi.

"Si nilisema," alisema.

"Hukusema kitu tangu asubuhi isipokuwa mahindi," alimjibu Clotilda, akamgeukia fundi. "Haya. Umemsikia. Nijibu kama unavyoweza kumjibu yeye."

Nizigiyimana hakupandisha sauti. "Nimezaliwa kambi ya wakimbizi ya Lukole. Karatasi ya uraia niliipata nikiwa na miaka ishirini na mbili, naitembeza ndani ya nailoni. Dada yangu akinipigia simu kwa Kirundi nikiwa stendi, namjibu kwa Kiswahili, analia, anasema najivuna. Afande, mtu kama mimi nitaandika Bujumbura kwenye kitu nilichokijenga kwa mkono wangu, halafu nikiuze? Fungua laptopu. Mapishi yote, zile amri za kila flashi niliyowahi kujenga, yamo, miaka minne. Tafuta huo mji."

Clotilda alitafuta. Hakumwamini kwa sababu ya hotuba. Alitafuta folda baada ya folda kwa nusu saa, huku akilaani kimoyomoyo herufi ndogo na mbu wa mchana. Mapishi thelathini na nane. Dar es Salaam thelathini na nane.

Akarudi kwenye hesabu. Kama mashine iliongeza saa tatu kwenye kikapu, basi saa kumi na moja na dakika ishirini haikuwa ya kweli. Faili lilifutwa saa nane na dakika ishirini mchana. Wote walikuwa wameulizwa walikuwa wapi saa ambayo haikuwa na maana yoyote. Akafunua jalada kwa hasira. Daftari la wageni la zahanati moja ya Nyabusozi, wilayani Biharamulo: Nizigiyimana, fundi, ametoka saa nane kamili. Kutoka huko mpaka hapa ni zaidi ya saa nzima kwa gari. Karatasi hiyo ilikuwa humo tangu siku ya pili, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu, *haihusiani*.

"Wiston," alisema. "Ile siku, saa kumi na moja, ulikuwa wapi?"

"Kwaya. Watu arobaini wameniona. Nimeshaandikisha."

"Na saa nane?"

"Saa nane nipo hapa. Ni kazini. Ningekuwa wapi?"

"Na nani?"

"Mtendaji alikwenda kula."

"Unaishi wapi?"

"Juu kule, mlimani."

"Lete daftari la mahudhurio."

Alilileta akilishika kwa vidole viwili. Clotilda alilisoma kutoka juu kwenda chini, kama anayesoma orodha ya maiti. Watu husaini kadiri wanavyofika. Anayefuata husaini chini ya aliyemtangulia. Jumatatu moja: Mzee Anastazi, saa mbili kasoro dakika kumi. Chini yake Wiston, saa moja na dakika tano. Jumatatu nyingine vilevile. Na nyingine.

"Unafika baada ya mtendaji na unafika kabla yake. Nieleze."

Wiston alicheka kidogo. "Afande, hilo kila mtu wa mlimani analijua. Kule juu simu zinashika mtandao wa ng'ambo, saa inarudi nyuma yenyewe. Ukitoka mbiombio unasahau. Hata harusi kule tunaulizana kwanza, saa ya huku au ya ng'ambo. Utatukamata mlima mzima?"

Lilikuwa jibu zuri, na Clotilda alilichukia kwa sababu lilikuwa la kweli.

"Kompyuta ya kwako unayo?"

"Ninayo ya kuangalia sinema. Mimi hata printa hii siwezi kuiwasha, muulize fundi. Na neno la siri la hapa ninalo. Mwenye ufunguo apitie dirishani kwa nini?"

"Ili tutafute mwizi asiye na ufunguo," alisema Clotilda.

Nizigiyimana alikuwa amegeuza kiti.

"Wiston, zile karatasi nne unazo?"

"Karatasi gani?"

"Nilizokuandikia kwa mkono mwezi wa nne. Uliniambia ni za walimu wa sekondari."

"Sijui unaongelea nini."

Clotilda alimgeukia fundi. "Umemwandikia namna ya kujenga? Wewe? Na umekaa mahabusu siku sita bila kulitaja?"

"Ningemtaja nani, afande? Mtoto wa mjumbe? Mimi wa Lukole? Nani wenu angeandika?"

Mtu aliyeshika kalamu nyekundu alikuwa na meza mkabala na ya Clotilda kule Ngara.

"Kwenye karatasi hizo, kuhusu saa uliandika nini?"

"Niliandika, weka saa ya mahali ulipo."

Wiston alijikuna shingo.

"Maneno yake dhidi ya yangu," alisema. "Karatasi hazipo."

"Basi zitakuwepo," alisema Clotilda. "Fundi, unazikumbuka?"

"Mstari kwa mstari."

"Jenga tena. Kama ulivyomwandikia, ila weka saa ya ng'ambo. Tufute faili, tuone kama kikaratasi kitapishana na kikapu kwa saa moja kamili. Nitaiweka mbele ya hakimu."

"Tena?" Wiston alisimama. "Afande, ni saa nane. Tumekaa hapa tangu saa mbili."

"Kaa."

Nizigiyimana alitazama nafasi iliyobaki kwenye diski yake, akaguna. Haikutosha folda nyingine mpya. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alirudi kwenye folda iliyotumika, akafuta faili la mwisho tu, akaanza kuandika amri. Alikuwa amechoka; vidole vilikwenda vyenyewe. Bibi Nyirabahizi alichungulia, akaona maandishi meupe yanaanza upya, akasema "Mungu wangu" na kuondoka.

Wiston alikuwa akitembea nyuma ya kiti, kwenda na kurudi. Akasimama. Alitazama kioo, akatikisa kichwa, akatoa sauti ya mtu aliyemwona mwenzake akimimina uji nje ya bakuli.

"Usianzie humo humo," alisema. "Kile chumba bado kimeshikwa na mashine. Kiachie kwanza. Itakwenda vizuri mpaka tisini, halafu itagoma, na tutalala hapa."

Vidole vya Nizigiyimana vilisimama hewani. Alisoma kioo. Kisha akageuka polepole.

"Kweli," alisema. "Bado kimeshikwa." Akamtazama Clotilda. "Afande, hilo sikuliandika kwenye karatasi. Mimi huanza folda mpya kila mara, ulikuwa unaniona. Hilo mtu halijui mpaka limemtesa."

Wiston alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa na uso wa mtu aliyemkanyaga nyoka akitafuta kiatu.

Clotilda hakusimama. Alichukua kalamu, akaiweka juu ya ukurasa safi, na sauti yake ikawa ya chini kuliko siku nzima.

"Ilikugomea mara ngapi, Wiston?"

Nje mashine ya kinyozi ilinguruma, ikanyamaza. Karani alikaa kwenye benchi kwa kishindo.

"Kumi na nne," alisema. "Mara kumi na nne, afande. Wiki mbili. Ya kumi na tano ndiyo ilikubali."

"Laptopu iko mlimani?"

"Iko mlimani."

"Na flashi?"

"Ndani ya kopo la chumvi." Alimgeukia Nizigiyimana, na kulikuwa na uchungu wa kweli katika sauti yake. "Ungeandika vizuri zile karatasi."

Saa kumi kasoro dakika chache, kopo lilikuwa limeshaletwa kutoka mlimani na kumwagwa juu ya meza mbele ya mtendaji aliyerudi kikaoni, flashi imefungwa kwenye bahasha, na pingu ilikuwa na pande zake zote mbili kwenye mikono ya Wiston. Simu ya Afande Alfonce iliita. Clotilda aliiacha iite mara sita ndipo akapokea.

"Uko njiani na mshukiwa?"

"Nakuja na mshukiwa, afande. Na shahidi."

"Shahidi gani tena?"

"Fundi."

Upande wa pili ikasikika karatasi ikichanwa. "Mwandike maelezo yake hapo hapo," alisema Alfonce. "Kabla hajabadili mawazo." Akakata.

Clotilda alichukua fomu safi. Ile ya siku sita zilizopita ilikuwa kwenye jalada, imejazwa na mtu ambaye hakuuliza kitu. Dereva alipiga honi nje. Alimwashiria angoje.

"Jina naliandika. Umri?"

"Ishirini na tisa."

"Kazi?"

"Fundi wa kompyuta."

"Uraia?"

Nizigiyimana alikuwa akisugua mkono wake wa kushoto, palipokuwa na alama nyekundu ya chuma.

"Andika Mtanzania."

Aliandika.

"Nisomee ulichoandika."

Honi ililia tena, ndefu. Clotilda alifumba macho, akayafumbua, akaweka kidole chini ya mstari.

"Mtanzania."

"Nisomee tena," alisema Nizigiyimana, na afande akamsomea.